Ndoo Kando ya Zizi la Ndama

Jumatatu, 6 Mei

Nimeenda kwenye ndoo kabla hata ya kunawa uso. Ya tatu inavuja. Ya sita inavuja. Ya mwisho kabisa haivuji, inakojoa. Nimekinga masufuria chini, yamejaa, nimerudisha maji kwenye pipa, nimekinga tena. Chai imechemka jikoni hadi ikakaukia kwenye sufuria.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake anapembua mtama. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatazama tope miguuni pangu, akatazama simtanki, akaendelea kupembua. Bora angenisema, nikajibu, yakaisha.

Maji ni ya simtanki, ya mvua, ya nyumba nzima. Mvua zinaelekea kukata. Ana haki ya kutazama. Ila anatazama kwa namna inayoniudhi.

Jumanne, 7 Mei

Naandika ili nisigombane na mtu.

Bustani yangu ya mtoni ililiwa na tembo. Nikapanda upya, wakarudi. Mara ya pili hawakula tu, waling'oa uzio wakaukanyaga mpaka ukawa kuni. Mume wangu, Makuru, ni mlinzi kwenye kambi ya watalii na huja nyumbani akipata ruhusa. Analinda wageni wasiguswe na wanyama, huku mke wake anafilisiwa na wanyama haohao. Nikimwambia hivyo kwenye simu anacheka mpaka anakohoa. Hasira zinanipanda.

Ndiyo maana ndoo. Niliona kwenye simu mtu analima saladi bila udongo: ndoo, kokoto, maji yenye mbolea. Nikasema haya, tembo akifika mpaka mlangoni kwangu, basi atapambana na mimi. Nikaomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi waliokuwa wanapaka shule, nikazisugua mpaka kucha zikaisha. Nimezipanga chini ya paa la zizi la ndama, kando ya uzio wa miti, kwa sababu ndipo penye kivuli. Zizi ni la Mama mkwe. Alikubali, ila alisema wazi: ndama wakipata shida, ndoo zitoke.

Kila ndoo ina tundu karibu na kitako, na bomba moja lenye matawi linaziunganisha zote hadi kwenye pipa. Nikijaza pipa, maji yanalingana yenyewe kwenye kila ndoo. Ni kitu kizuri sana. Ubaya wake ni kwamba ikivuja moja, zimevuja zote.

Na nina mnunuzi. Daudi, mpishi wa kambi nyingine huku Natta. Amesema nyumbu wakifika na wageni wakajaa, atachukua saladi na mnanaa kwangu kila wiki, aachane na gari la Arusha linalomletea majani yaliyokwisha choka njiani. Lakini kwanza auone mzigo mmoja kamili. Nikishindwa huo mmoja, anabaki na Arusha. Naitaka hii kazi kuliko ninavyoweza kusema mbele za watu. Nimechoka kuwa mtu wa kusubiri Makuru apige simu ndipo nijue kama wiki hii tuna sabuni.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeujua ujinga wangu. Matundu niliyatoboa kwa msumari wa moto. Plastiki iliyeyuka, ikaganda na vinundu pembeni. Bomba ni la mviringo, tundu lina umbo la sikio la mbuzi. Maji yangekosaje kupita?

Nimekwenda Mugumu kwa fundi Shabani, seremala wa karibu na soko, kuazima keekee. Aliniuliza natoboa nini. Nikamwambia ndoo. Akaweka randa chini. Akaniuliza, ndoo ikishatobolewa, mama, inaitwaje? Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi, abiria wenzangu wakajisogeza mbali nami.

Ameniambia nizibe kwa ile gundi nyeupe ya kuzibia vioo vya madirisha. Nimenunua. Nina matumaini makubwa.

Jumamosi, 11 Mei

Matumaini yamekwisha.

Nilitoboa upya kwa keekee, matundu safi, nikasugua kingo kwa msasa. Nikapaka gundi. Nikasubiri ikauke kama alivyoniambia. Nikajaza maji. Gundi ikabanduka nzima nzima, kama utando juu ya maziwa ya moto. Kumbe plastiki ya ndoo za rangi haishiki gundi. Simlaumu Shabani. Yeye anaziba vioo, hajawahi kuziba kichaa changu.

Nimepiga ndoo teke. Kidole gumba kimevimba. Mama aliona. Najua aliona kwa sababu aligeuza uso haraka sana na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani. Mchungaji alihubiri kuhusu uvumilivu, sikusikia hata nusu, nilikuwa nawaza ndoo. Mungu anisamehe.

Tulipotoka, fundi baiskeli wa pale barabarani alikuwa anaziba pancha. Nikasimama. Tyubu haishikwi na gundi peke yake, inajibana. Ukiisukuma mahali penye nafasi ndogo inajaza yenyewe. Nikamwomba tyubu chakavu. Akanipa rundo zima la tyubu, akaniuliza kama nimenunua baiskeli. Nikamwambia bado.

Jumanne, 14 Mei

Nimekata tyubu vipande vifupi. Kila ncha ya bomba naivisha kipande kama soksi, halafu naisukuma kwenye tundu. Tundu ni dogo kuliko soksi, makusudi, ili mpira ujibane. Akilini mwangu ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Haiingii! Nimesukuma, nimezungusha, nimetumia magoti. Soksi inajikunja, inarudi nyuma, inapasuka. Ngozi ya vidole imetoka. Nikatoa neno ambalo siliandiki hapa.

Mama akainuka kwenye kigoda. Nikajua sasa naambiwa nitoe takataka zangu. Akaingia ndani, akatoka na kopo la samli. Ile yake mwenyewe, asiyompa mtu ovyo. Kwenye nyumba hii kila kitu kinachotakiwa kuwa laini kinapakwa samli: ngozi, kamba za ng'ombe, midomo ya vibuyu, miguu ya wajukuu wakija likizo. Akachukua bomba mkononi mwangu, akaipaka soksi, akasukuma kwa kidole gumba. Tup. Imeingia.

"Ipake, Robhi," akasema. "Usiipige."

Tumepaka zote pamoja. Sijawahi kukaa na huyu mama kwenye kazi moja muda mrefu hivyo bila mmoja wetu kununa. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 16 Mei

Kavu. Zote. Nimepitisha mkono chini ya kila moja, kavu, kavu, kavu. Jana nilijaza maji, leo yako palepale.

Nimehamisha miche. Midogo, imelegea, inatia huruma. Nimeiweka kwenye kokoto na kuizungumzia kidogo.

Nimezigeuza ndoo ili mabomba yote yawe nyuma, upande wa uzio wa ndama. Mbele sasa ni ndoo nyeupe tu zimejipanga, hakuna bomba wala mpira unaoonekana. Zinapendeza. Daudi akija nataka aone bustani, asione karakana.

Alhamisi, 23 Mei

Saladi zimeshika. Majani mapya katikati, kijani cha kung'aa. Mnanaa unanukia ukipita. Wanawake wawili wa huku jirani wamekuja kutazama, wakauliza udongo uko wapi. Nikawaambia tembo wamekula. Wakaamini kwa muda.

Daudi alipita na gari la kambi kwenda sokoni. Alishuka, akavunja jani, akatafuna, akafunga macho. Ana maringo sana huyu. Akasema Jumamosi ya tarehe kumi na tano Juni atakuja na makreti. Asubuhi.

Usiku wa leo nitalala vizuri.

Jumatano, 29 Mei

Sina la kuandika. Maji yako sawa, saladi zinanenepa, Mama ameniitia chai. Siku njema tu.

Jumatatu, 3 Juni

Pipa limepungua. Jana jioni lilijaa, leo limeshuka kiganja kizima. Nimetazama mbele ya ndoo zote, kavu. Labda ni jua. Labda saladi zimekuwa kubwa na zinakunywa zaidi, kama watoto wakifika umri fulani. Nimeongeza maji na mbolea.

Jumatano, 5 Juni

Si jua. Limeshuka zaidi. Nimeweka alama ya mkaa kwenye pipa, nikaenda kuokota kuni, niliporudi alama iko juu na maji yako chini.

Nimeangalia tena. Mbele kavu. Nimechungulia nyuma kupitia uzio, upande wa ndama kuna tope, lakini kwenye zizi la ndama lini kukakosa tope? Wanakojoa mchana kutwa.

Sasa naandika jambo la aibu. Nimeanza kumshuku Mama. Pipa liko karibu na kigoda chake. Simtanki limeshuka. Labda anachota kwenye pipa langu kufidia. Leo alipokuwa anaosha vyombo nilitazama maji yake kama yana rangi ya mbolea. Hayana. Bado namshuku. Roho mbaya imeniingia.

Alhamisi, 6 Juni

Saladi za ndoo tatu za mwisho zimelala. Mizizi inaguswa na hewa tu. Nimemwagia maji kwa kikombe kila nilipopita. Mama ameniuliza kwa nini namwagia na bomba lipo. Nikamjibu vibaya. Akarudi kwenye kigoda chake. Nikajisikia vibaya, lakini sikurudi kumwomba radhi.

Ijumaa, 7 Juni

Ndama anaumwa. Yule mwenye baka jeupe usoni. Mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ndama amelala ubavu, anahema haraka, macho yamelegea.

Huyu si ndama wa kupoteza. Mama yake ni ng'ombe wa mahari ya wifi yangu. Mama anamjua kwa sauti, na kila mtu humu ndani anajua hivyo.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Akamfunua mdomo, akatuonyesha fizi, zimekuwa rangi ya kahawa. Akauliza amekunywa nini. Akatazama huku na huku, akaziona ndoo. Akaniomba nimwonyeshe mbolea ninayotumia. Akasema ng'ombe akinywa maji yenye hiyo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Akamchoma sindano. Akasema akiona kesho, ataishi.

Sikuwa na pa kuficha uso. Mama hakunipigia kelele. Alimpigia Makuru. Nilimsikia akisema ndoo zitoke, na kwamba aje haraka.

Nashindwa kuelewa. Ndama hawezi kutia kichwa kwenye ndoo, zina vifuniko vyenye tundu la mche tu. Amekunywaje?

Jumamosi, 8 Juni

Ndama ameona kesho. Amesimama, miguu imetawanyika, lakini amesimama na amenyonya. Nimelia nikiwa nyuma ya jiko. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyojua.

Halafu nikafanya kile ambacho ningefanya tangu Jumatatu kama ningekuwa na akili. Niliwatoa ndama wengine uani, nikaingia mimi zizini, nikachuchumaa kwenye tope, nikatazama ndoo zangu kwa nyuma. Mungu wangu! Soksi zote za upande ule zimetafunwa. Nyingine zimevutwa nje zinaning'inia kama chuchu. Maji yanadondoka taratibu, tone, tone, yanaingia kwenye tope.

Nikiwa palepale, ndama mmoja akarudi. Hakunijali hata kidogo. Akapitisha ulimi kati ya miti ya uzio, akalamba mpira, akaushika mdomoni, akanyonya macho yamefumba, mkia unacheza. Ala!

Nikavuta soksi moja, nikainusa.

Samli. Baada ya wiki zote hizo bado inanukia maziwa. Mama zao wanakwenda machungani, wao wanabaki zizini na njaa ya kunyonya, na sisi tumewapangia matiti kwenye mstari.

Nimekaa kwenye tope sijui muda gani. Kwanza nilitaka kukimbia nikapige kelele kwamba ni samli yake, si mbolea yangu, ameniziba yeye, ameniharibia yeye, ndama kamlisha yeye. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Makuru anafika kesho. Nikisema hivyo mbele yake nitashinda. Ndoo zitabaki. Na huyu mama hatanisogelea tena na kopo lake mpaka anazikwa.

Nikinyamaza, ndoo zinatoka, na Daudi Jumamosi ijayo anakuta ua umefagiliwa.

Sijui nifanye nini. Sijawahi kutojua hivi.

Jumapili, 9 Juni

Makuru amefika. Alisikiliza upande wa mama yake, akasikiliza upande wangu, ambao haukuwa na maneno mengi. Akasema ng'ombe ni ng'ombe, saladi ni majani. Ndoo zitoke leo. Alisema kwa upole, hilo ndilo liliniuma. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto.

Sikusema samli. Nilisema, twendeni zizini, wote wawili, mtazame kabla hamjaamua. Makuru akasema hataki kuchafua viatu. Nikamwambia avue.

Nikawasimamisha kwenye uzio. Hatukungoja sana. Ndama akaja, akatia ulimi, akaanza kunyonya mpira wa ndoo ya nne kama ananyonya kwa mama yake. Makuru akashika kiuno akacheka. Mama hakucheka. Aliinama, akaufukuza mdomo wa ndama, akavuta ile soksi ikachomoka, ikabaki mkononi mwake. Akaisugua kwa vidole. Akainusa. Nikaona usoni mwake kwamba amejua.

Makuru bado anacheka, hajui kitu. Mama angeweza kuitupa ile soksi kwenye tope na mimi nisingesema. Nadhani alijua kwamba nisingesema.

"Ni samli yangu," akamwambia Makuru. "Mimi ndiye niliyepaka."

Nikasema hapana, mimi ndiye niliyegeuza mabomba yakatazama ndama, kwa sababu nilitaka mbele papendeze. Tungeyaacha mbele, ulimi wa ndama usingefika. Makuru akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Akasema basi wote wawili mna makosa. Mama akamgeukia. Akamuuliza yeye amewahi kuziba nini tangu azaliwe. Makuru akaenda kutafuta viatu vyake.

Ndoo zinabaki. Mama amesema zigeuzwe, zisogezwe mbali na uzio, na samli isikanyage hapo tena. Nimemwomba radhi kwa jibu la Alhamisi. Nimemwambia pia kwamba nilimshuku anachota maji. Sikutegemea kumwambia, lilitoka lenyewe. Akasema alinishuku mimi nayanywa.

Jumatatu, 10 Juni

Tumefanya kazi mchana mzima. Tulitoa saladi zote, tukazifunga mizizi kwenye magunia yaliyolowa, tukaziweka chini ya kivuli cha nyumba. Tukamwaga maji mbali, kwenye shimo la taka, tukalifukia ndama wasifike. Iliniuma kumwaga mbolea yote hiyo.

Soksi zilizotafunwa zimetupwa. Zilizobaki zilikuwa zimevimba na kulegea, mafuta yamezila, nazo nimezitupa. Fundi baiskeli amenipa tyubu nyingine, ameacha kuuliza maswali. Safari hii tumelainisha kwa maji ya sabuni. Povu kidogo tu kwenye mpira, unasukuma, inaingia tup vilevile, halafu sabuni inakauka na mpira unashika. Hainukii chochote cha kumvutia ndama. Mama alijaribu ya kwanza. Akaitikisa, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikutoka. Akachukua ya pili bila kuniuliza.

Makuru ametusogezea pipa. Amesogeza vizuri, hilo nalikubali.

Tumejaza maji safi kwanza, bila mbolea, tukakaa tunatazama. Watu wazima watatu tumekaa tunatazama ndoo zisizofanya chochote. Hakuna aliyetaka kuinuka.

Jumatano, 12 Juni

Makuru amerudi kazini. Saladi nyingi zimesimama. Baadhi zimekufa, pembe za majani zimeungua, nimezing'oa. Mnanaa hauna habari, mnanaa ungeota hata mfukoni.

Sijui kama kreti zitajaa. Nimekwenda kutazama mara nyingi mpaka Mama ameniambia niziache zipumue.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepanga maneno ya kumwambia Daudi kama mzigo ni mdogo. Yote yanasikika kama ya mtu anayeomba. Nimeyaacha.

Ndama mwenye baka anakimbia zizini. Amesahau kila kitu, mjinga yule.

Jumamosi, 15 Juni

Daudi alikuja saa mbili. Mimi na Mama tulikuwa tumekwisha kata, tumepanga saladi kwenye makreti na kitambaa kilicholowa juu. Kreti ya mwisho ilifika nusu. Nikamwambia moja kwa moja: nilivujiwa, zimekufa baadhi, hiki ndicho kilichopo. Sikupepesa macho.

Akainua saladi moja kwa shina, akaitikisa. Ikasimama. Akatafuna jani, akafunga macho kama kawaida yake, nikatamani kumkanyaga. Akasema ya Arusha haijawahi kulia mdomoni namna hii. Wageni wa kambi wamejaa tangu Alhamisi. Akachukua yote, na ile nusu pia. Anakuja kila Jumamosi.

Gari lilipoondoka nilikaa chini palepale uani. Mama akanipita na ufagio, akafagia kunizunguka.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi ya baridi. Nimechelewa kidogo kuamka. Nilipofungua mlango, ng'ombe walikuwa wanalia wakamuliwe na Mama hakuwa kwao. Alikuwa kwenye ndoo. Ameinama, anapitisha kiganja chini ya kila kiungio, anakitazama, anakwenda kinachofuata. Alipomaliza cha mwisho alikifuta kiganja kwenye kanga, japo kilikuwa kikavu. Ndipo akachukua kibuyu akaenda kwa ng'ombe wake.

Nikaurudisha mlango polepole asijue nimemwona. Nikawasha moto wa chai.